Zamu ya Mzee Senkondo

Kokoto lilikataa asubuhi ya Jumatatu, makande yakiwa bado motoni.

Naelijwa alilishika kifuani pa baba yake kama alivyolishika kila mwezi kwa miaka sita, akangoja lipate joto. Halikupata. Akalifuta kwa ncha ya khanga, akalipulizia, akalirudisha palepale, juu kidogo ya chuchu ya kushoto, mahali ambapo chini ya ngozi msaidizi wa moyo alikuwa akinguruma taratibu. Kokoto likabaki na ubaridi wake. Akabadilisha mkono. Akabadilisha hata goti alilopigia, utadhani kosa lilikuwa la goti.

"Dada, unanitekenya," alisema Mzee Senkondo, akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Samahani, baba. Tulia kidogo."

"Nitulie mpaka lini? Chai yangu iko wapi?"

Basi akaenda kumletea chai, kwa sababu mtu hawezi kuanguka chini kulia wakati mzee ameomba chai. Aliponda tangawizi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Siku saba, alijiambia. Zimebaki siku saba.

Kila mtu wa Irindi alijua hesabu hiyo. Msaidizi wa moyo, kile kidude cha ukubwa wa mbegu ya parachichi kilichokuwa kimewaongezea umri wazee wote wa safu ile ya milima ya Upare, huamshwa kila baada ya siku thelathini. Na haamshwi ila kwa kokoto la mwenyewe, lililobeba kauli aliyoitoa akiwa na akili zake. Kokoto likikubali, linapata joto, na msaidizi anachukua mwezi mwingine. Lakini siku ambayo lile jambo alilolitaja mwenyewe limetimia, kokoto linakataa. Msaidizi anabaki na akiba ya siku saba. Ya nane mzee anasinzia kuliko kawaida, ya tisa anasinzia zaidi, basi. Hakuna kuhangaika wala mipira puani. Waliokibuni walijivunia sana jambo hilo, na tuseme ukweli, walistahili.

Kauli ya Mzee Senkondo aliijua kwa moyo, kwa kuwa aliipokea yeye mwenyewe: *Mwezi mzima ukipita nikimtazama mwanangu nisimjue, msiniamshe tena.*

Na usiulize kokoto lilijuaje. Moyo una namna yake ya kushtuka unapomwona mtu wake, mshtuko mdogo tu ambao mwenyewe hausikii, na msaidizi huupima. Siku thelathini Naelijwa aliingia na chai, na siku thelathini moyo wa baba yake haukushtuka hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko zile siku saba. Alikuwa ameambiwa na jiwe kwamba baba hamjui.

Alipotoka na kikombe, mzee alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake ukumbini, anautazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Pembeni yake, kwenye udongo ulioachwa wazi kwa ajili hiyo, jembe lilisimama wima, mpini juu. Kila siku ya Mungu alilisimamisha hivyo kabla ya kunawa uso. Miaka arobaini alikuwa mgawa maji wa ndiva ya Irindi, lile bwawa la mawe na udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na pale Irindi hakuna aliyewahi kuandika zamu kwenye karatasi. Zamu ni jembe. Ukilisimamisha, umesema zamu yangu bado, ningojeni. Ukililaza, umeitoa, na unayempa ni yule ambaye mpini unamwelekea. Yeye atasema "nimepokea," au atalisimamisha tena, maana yake anakurudishia. Ila kurudisha ni mara moja tu. Ukirudisha mara ya pili umemtukana mtu, na Irindi watu wamenuniana miaka kumi kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Chai nzuri hii," alisema mzee. "Dada wa chai, wewe una mkono. Binti yangu naye ana mkono hivi hivi. Yuko bweni. Ijumaa anarudi."

"Atafurahi kukukuta, baba."

"Sana! Yule hawezi kukaa bila mimi."

Naelijwa akageukia jikoni haraka.

*

Nyumba ya Usia ilijengwa juu ya kilima ambapo ukungu hushuka mapema, saa nane mchana, na si kwa bahati. Usingizi wa mchana wenye ukungu ndio waliouhitaji.

Mtu wa Irindi akifika miaka sitini hupanda pale michana mitatu mfululizo. Hulazwa kwenye mkeka uliofumwa kwa nyuzi zinazosikia, hufunikwa paji la uso kwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na mkeka, ukishausoma mwili wake wote, humwotesha siku zake za mwisho. Si siku za mtu mwingine. Ni zake, na magonjwa yatakayomjia yeye. Humo ndotoni anaulizwa: ukifika hapa, unataka tukufanyie nini? Mchana wa kwanza na wa pili anaulizwa na mkeka wenyewe. Mchana wa tatu huingia mtu, mlinda ndoto, ambaye hushika mkono wa anayelala na kuuliza kwa sauti ya binadamu. Waliobuni walisema kauli kubwa namna hiyo haifai kupokewa na mashine. Kauli ya tatu ndiyo inayofungwa kwenye kokoto. Walisema ya kwanza ni ya woga, ya pili ni ya kiburi, ya tatu ndiyo ya kweli.

Walisema pia mlinda ndoto awe mgeni. Hapo Irindi waligoma. Mgeni amsikie baba yangu akisema jinsi anavyotaka kufa? Aibu ilioje! Wakaandika barua, wakafanya mkutano, wakapiga na mbiu ya msaragambo, ile ya kuitana kazi za pamoja, kazi ya kijiji ikasimama nusu siku. Mwishowe wakakubaliwa: Irindi, kauli ya mzazi itapokewa na mwanawe. Naelijwa aliipenda kazi ile tangu alipoishika kwa ajili ya baba yake, akaajiriwa hapohapo, na sasa alikuwa amewafundisha watoto wa watu wengi namna ya kushika mkono wa mzazi bila kutetemeka.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Mshana, mkuu wa Nyumba, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alilipokea kokoto, akaliweka kwenye sahani ya kusomea, akatikisa kichwa. "Limekataa kihalali. Kauli iko sawa, sharti limetimia."

"Lakini ana furaha, Mama Mshana! Hajawahi kuwa na furaha hivi. Anakula, anaimba. Jana kawafukuza mbuzi wa Togolai mpaka barabarani."

"Nimesikia. Mbuzi wenyewe tumewaona."

"Mtu anayefukuza mbuzi anauawaje?"

"Haya, neno hilo lirudishe mdomoni." Mama Mshana alivua miwani. "Hakuna anayeuawa hapa. Baba yako alikuja kwa miguu yake akasema yanayotosha. Tunapomkataza mwana kuibadilisha kauli, ni kwa sababu wana wote wanataka kuibadilisha. Mimi sikutaka ya mama yangu? Nililia mpaka nikapoteza sauti. Lakini niliipokea mwenyewe, nikaitimiza mwenyewe. Leo nalala usingizi."

Naelijwa alilichukua kokoto sahanini. Kisha akasema jambo ambalo hakupanga kulisema.

"Nataka kuisikia ndoto nzima."

"Uliisikia."

"Nilisikia ya tatu. Ya kwanza na ya pili hakuna anayezisikia."

"Kwa sababu hazina kazi."

"Kama hazina kazi, ubaya wake nini?"

Mama Mshana alivaa tena miwani. Nje ukungu ulishafika dirishani. "Wewe ni mlinzi wake, haki unayo," alisema mwishowe. "Ila nakuonya kama mama. Mtu akiingia ndoto ya mzazi wake hatoki alivyoingia."

*

Mkeka ulikuwa na baridi, halafu haukuwa na baridi. Naelijwa alihisi anashuka ngazi za mawe ambazo hakuziona, na alipofika chini palikuwa ndiva.

Ilikuwa ndiva ya Irindi lakini kubwa, maji yamejaa mpaka kwenye midomo ya mawe, na ukungu unatembea juu yake polepole. Kitanda cha baba yake kiliwekwa hapohapo ukingoni, miguu ya kitanda ndani ya maji, na hakuna aliyeona ajabu. Baba alikuwa mzee kuliko alivyo leo, amekonda, mdomo wazi. Upande wa kichwani, jembe limesimama.

Sauti isiyo na mtu ikauliza: "Umefika hapa. Huwakumbuki watu wako. Unataka tukufanyie nini?"

Mzee wa ndotoni akafikiri. Alifikiri kwa muda, kama alivyokuwa akifikiri watu wawili wanapogombea maji ya asubuhi moja.

"Maji yanasikika bado?" aliuliza.

"Yanasikika."

"Basi niacheni nibaki. Mimi kusahau hakunitishi. Watu wangapi nimewapa maji na sikumbuki majina yao? Maji yalifika. Niacheni nisikie maji, mnipe chai. Siku nikichoka nitalilaza jembe mwenyewe."

Naelijwa alisimama ukingoni na machozi yakimtoka, au ulikuwa ukungu, ndotoni huwezi kujua. Mchana ule ukapita kwa pumzi moja, ukaja wa pili, kitanda kilekile. Sauti ikauliza tena, na baba akakasirika kidogo, kama anavyokasirika akirudishiwa swali.

"Si nimesema jana? Nabaki. Nitalilaza mwenyewe."

Ukaja mchana wa tatu. Na safari hii alisikia mlango ukifunguliwa mahali fulani juu, na nyayo, na mtu akiketi. Alizijua nyayo zile. Zilikuwa zake, za miaka sita nyuma. Mkono ukaingia ndotoni kutoka juu ya maji ukaushika mkono wa mzee, na Naelijwa akauona ulivyokuwa wakati ule: kucha zimeliwa na sabuni ya dawa, ngozi imepasuka vidoleni. Ilikuwa wiki ya tatu tangu wamzike mama. Miaka minne alikuwa amemwogesha mama, amemgeuza, amemlisha kwa kijiko, ameachwa na mume aliyesema hakuoa hospitali. Alikuja kupokea kauli ya baba moja kwa moja kutoka kufua mashuka ya msiba.

Na kabla sauti yake haijauliza chochote, alijisikia akishusha pumzi. Pumzi moja tu, ndefu, ya mtu aliyetua gunia na anajua kuna jingine.

Mzee wa ndotoni akageuza kichwa. Akautazama mkono ule, akaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu amechoka hivi?" alinong'ona. Hakumwambia yeyote.

"Baba," sauti ya zamani ya Naelijwa ikauliza, "ukifika hapa, unataka tukufanyie nini?"

Mzee alijiinua kwenye kiwiko, akalishika jembe, akaling'oa. Akalilaza taratibu juu ya shuka, na mpini akauelekeza kwenye ule mkono.

"Mwezi mzima ukipita nikimtazama mwanangu nisimjue," alisema kwa sauti thabiti ya mgawa maji, "msiniamshe tena."

Miaka sita Naelijwa aliwasimulia watu kauli ile kwa fahari. Baba yangu jasiri, alikuwa akisema. Hata hakusita.

*

"Alinipa zamu yake," alimwambia Mama Mshana. Ilikuwa Jumatano sasa, siku ya tatu kati ya saba, na Mama Mshana alikuwa amekuja nyumbani kwao na kitabu cha kusaini kwamba kauli imetimia, wamekaa ukumbini watatu pamoja na mzee, ambaye alikuwa akimenya maharage mabichi na kula punje mojamoja. "Mara mbili alisema anabaki. Mimi nikaingia, nikashusha pumzi, akanionea huruma. Kauli yake halisi ni zile mbili."

"Halisi," Mama Mshana alirudia. "Na kumhurumia mwanawe si halisi? Nani kakwambia matakwa ya mtu ni yale anayojitakia mwenyewe tu? Naelijwa, baba yako maisha yake yote alikuwa akitoa maji. Mtu kama huyo akitoa, ndipo anapokuwa mwenyewe zaidi."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amelala nalo siku mbili na hakupata jibu lake. Ni kweli baba alitaka kubaki. Na ni kweli vilevile kwamba alitaka zaidi mwanawe apumzike. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la uongo, na hapo ndipo akili yake ilipokuwa inagota.

"Nakubali," alisema. "Ni matakwa yake. Lakini alichotoa ni zawadi, na aliyepewa ni mimi. Mama Mshana, wewe umezaliwa hapa. Mtu akikulazia jembe, unafanya nini?"

"Unapokea."

"Au?"

Mama Mshana akakifunga kitabu.

"Au unarudisha," Naelijwa alisema. "Na mimi sikuwahi kusema nimepokea, kwa sababu sikujua kama nimepewa."

"Ngoja." Mama Mshana aliinua kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Naelijwa alidhani ni hasira, kumbe sivyo. "Ngoja kwanza. Nikiandika hivi, kesho kila mtu wa Irindi atataka kuzisikia zile mbili. Umelifikiria hilo? Watu wote tuliowapokelea sisi, watoto wao. Wote tuliingia mchana wa tatu. Wote tulikuwa tumechoka." Miwani ilikuwa imeshaanza kufifia kwa mvuke wa macho. "Mama yangu alisema asifike hata wiki moja ya kitandani. Alivyoisema upesi! Nikafikiri, huyu mama anapenda usafi tu. Mimi nilikuwa na mimba ya mapacha siku ile."

Mzee Senkondo aliacha maharage. Aliinuka, akamwendea mgeni, akampa ganda la haragwe lenye punje tatu ndani.

"Kula, mama," alimwambia. "Usilie na njaa."

Mama Mshana akalipokea, akala, akalia vizuri sasa, bila kujificha. Naelijwa akamshika bega. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Sitazisikia za mama yangu," alisema mwishowe, akifuta miwani. "Nimeshazeeka. Lakini kuanzia mwezi ujao mchana wa tatu ataingia mgeni, wakasirike wasikasirike. Na wewe, Naelijwa, kulinda ndoto basi. Umeingia ya baba yako, umetoka na mashaka, na mwenye mashaka hafai kushika mkono wa anayelala. Unalipokea hilo?"

Kazi ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho nje ya nyumba ile. "Nalipokea," alisema.

"Basi rudisha. Ila sheria ya ndivani unaijua kuliko mimi. Ni mara moja."

Naelijwa alichukua jembe la baba yake. Alililaza kwanza chini, mpini ukimwelekea yeye, kama lilivyolazwa ndotoni. Kisha akaliinua na kulisimamisha mbele ya kigoda cha mzee, akalikandamiza udongoni kwa mguu. "Nakurudishia zamu yako, baba."

Mzee alimtazama, akatazama jembe. "Eeh," alisema, kama mtu aliyerudishiwa sufuria yake mwenyewe. "Vizuri. Mimi bado nina maji yangu."

Mama Mshana akaiandika kauli ya kwanza kwenye kokoto palepale, na Naelijwa alipolishika kifuani pa baba yake, likapata joto.

*

Nisikudanganye kwamba miezi iliyofuata ilikuwa ya nyimbo. Kulikuwa na nyimbo, ndiyo. Kulikuwa pia na mashuka ya kufua kila asubuhi, na siku ambayo mzee alimzaba kofi akidai amemwibia kofia, kofia ikiwa kichwani pake. Kulikuwa na siku Naelijwa alitoka nje akasimama katikati ya shamba la tangawizi akapiga kelele mpaka Togolai, jirani yao na mgawa maji wa sasa, akaja mbio na panga akidhani ni nyoka.

"Hakuna nyoka," Naelijwa alimwambia. "Nimechoka tu."

"Dada Nae, si ulijitakia?"

"Nilijitakia. Nimechoka hata hivyo."

Togolai, ambaye si mtu wa maneno, akachukua kapu la mashuka akaenda kuyafua yeye. Kijiji kizima kilimcheka wiki nzima. Hakuacha.

Na shamba la Naelijwa lilikuwa linakauka, maana zamu yake ya maji ilimpita mara nyingi kuliko alizoiwahi. Ukimgeuza mzee alfajiri, maji hayakungojei. Mzee alikuwa akiliona shamba lile kila asubuhi kutoka kwenye kigoda chake, akitikisa kichwa.

"Dada wa chai, lile la nani pale, linakufa hivi?"

"Langu, baba."

"Lako? Unakaa kunipikia chai, shamba linakufa? Binti yangu akirudi Ijumaa nitamwambia akusaidie."

Kila mwezi kokoto lilipata joto. Kila mwezi kifua chini yake kilikuwa chembamba zaidi. Nyimbo zikapungua maneno, zikabaki sauti, halafu na sauti ikawa ndogo. Mbuzi wa Togolai wakawa wanapita hadi mlangoni na hakuna anayewafukuza. Hata hivyo kila asubuhi, mikono ikitetemeka, hata ikichukua robo saa, jembe lilisimama.

Ikawa wiki ya pili ya vuli, mvua imenyesha siku nne, ndiva imejaa mpaka watu wakaenda kuitazama. Ilibaki siku moja kufika siku ya kokoto. Naelijwa alitoka jikoni na chai, akamkuta mzee ameketi kigodani, ameshanawa uso, ametulia. Jembe lilikuwa limelala.

Akafikiri limeanguka. Aliweka kikombe chini. Akaliona lilivyolala: limewekwa, halikuanguka, bledi imefutwa udongo, mpini umenyooka kuelekea mlango wa jikoni, kwenye miguu yake.

"Baba, nikusaidie kulisimamisha?"

"La."

"Limelala, baba."

"Nimelilaza." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Nimechoka, dada. Zamu hii nampa binti yangu. Wewe mshikie mpaka arudi."

Je, huyu aliyesema ni mgawa maji wa Irindi, au ni mzee ambaye mikono yake imeshindwa uzito wa jembe? Naelijwa aliinama, akashika mpini. Ulikuwa na ujoto wa mkono wa baba. Mwili wake wote ulitaka kuuinua. Angeweza. Nani angemwona? Ukungu ulikuwa umefunika hata nyumba ya Togolai. Angelisimamisha, na mzee angesahau kufikia saa nne, na kesho kokoto lingepata joto, na kesho kutwa angemletea chai.

Akakumbuka sauti ile ya mchana wa kwanza, kabla hajaingia na pumzi zake: siku nikichoka nitalilaza jembe mwenyewe. Safari hii hakuna aliyemshika mkono, wala aliyemuuliza. Na yeye alikwisha kurudisha mara moja.

Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Nimepokea, baba."

"Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

Mzee akaegemea ukuta, akafumba macho kwa raha. "Sasa chai," alisema.

*

Kesho yake kokoto lilikaa kabatini. Mama Mshana alikuja, akalitazama jembe lilipolala, akasaini bila kuuliza, akakaa kutwa nzima akimenya maharage.

Asubuhi ya tisa Togolai alimbeba mzee mgongoni mpaka ukingoni mwa ndiva, maana maji ya siku ile yalikuwa ya Naelijwa, kwa zamu aliyopewa. Walimkalisha kwenye mkeka, blanketi mabegani. Ukungu ulitembea juu ya maji polepole. Naelijwa aliketi nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake, na mgongo wa baba ulikuwa mwepesi kuliko kapu la mashuka.

"Zamu ya nani leo?" mzee aliuliza, macho yamefumba.

"Ya binti yako."

"Kumbe amerudi?"

"Amerudi, baba."

Kichwa cha mzee kikalala begani pa Naelijwa, naye akadhani amesinzia. Kisha mkono wake ukapapasa nyuma, ukaupata mkono wa Naelijwa, ukaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Mwambie afungue basi," alisema. "Jua litamkuta."

Naelijwa alimtolea Togolai ishara, na Togolai akang'oa kizibo. Maji yakaguna chini ya mawe, yakapata njia, yakashuka mferejini kuelekea kwenye tangawizi. Baba na binti walikaa wakiyasikiliza, mmoja wao kwa muda mfupi kuliko mwingine, na Naelijwa hakuondoka pale mpaka ndiva ilipokauka.